Gari la mjomba tuliache wapi, na maji ya kulala mlimani tuyatoe wapi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma mjini. Tuko sita: walimu wanne, muuguzi mmoja, na fundi simu wa Mwanga ambaye ndiye aliyetutia hamu ya kutembea milimani. Matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo tumeyazoea. Sasa tunataka kwenda kulala. Mpango ni kuondoka Jumamosi asubuhi na gari, kufuata barabara ya Manyovu mpaka ukanda wa Kalinzi, kuacha gari pale njia ya miguu inapoanzia, kisha kupanda migongo ya upande wa magharibi ambako watu wanasema ziwa lote linaonekana. Tulale huko, Jumapili mchana turudi kwenye gari. Tumelenga katikati ya Septemba, kwenye likizo fupi.

Mambo mawili yametugawa. La kwanza ni gari. Letu hatuna, tunaazima Noah ya mjomba wangu, ambayo siku za kazi ndiyo inayomlisha. Mwaka jana vijana tunaowafahamu waliacha gari kando ya njia, mbali na nyumba, wakaenda kulala mlimani. Waliporudi betri haipo, vioo vya pembeni vyote viwili havipo, na mafuta yamenyonywa. Walikaa pale mpaka jioni wakimsubiri fundi kutoka mjini. Tangu tusikie habari hiyo kila mtu ana lake. Mmoja wetu anasema tufike alfajiri kabla watu hawajaamka, tuliingize vichakani na kulifunika matawi, kwa kuwa asiyeliona gari hawezi kuliiba. Mwingine anasema mmoja wetu abaki alale ndani. Mimi nilipendekeza tuombe hifadhi kwa wenyeji, nikaambiwa ukishaomba umewatangazia kijiji kizima kwamba kuna gari halina mtu. Halafu mjomba anajua tunakwenda Kalinzi kutembea, lakini hajui kwamba gari litalala huko. Wenzangu wanasema nisimwambie, atakataa.

La pili ni maji. Mzee mmoja wa huko alituonya kwamba Septemba vijito vya juu vinakauka. Fundi simu anasema maji ya mlimani ni safi kuliko ya bomba, ameyanywa kwa kiganja tangu utotoni na hajawahi kuumwa. Muuguzi anataka tubebe yote kutoka mjini. Nikafikiria dumu la lita 20 kwa kila mtu, nikaona hatufiki hata nusu ya mlima. Wengine wanataka vidonge, wengine wanataka kuchemsha.

Mama, twende au tuache? Na tukienda, gari likae wapi na maji yatoke wapi? Nijibu mapema, wenzangu wameshaanza kuchanga.

Mwalimu, Kigoma


Marahaba mwanangu. Nendeni. Watu wa mji huu tunaiangalia ile milima kutoka chini maisha yetu yote, na wengi tunazeeka bila kuikanyaga. Lakini huo mpango wa kufika alfajiri na kulificha gari vichakani muuache kabisa, nao ndio ninaotaka kuanza nao.

Ule ukanda una watu. Mnapoona pori, pana shamba la kahawa la mtu, muhogo wa mtu, maharage ya mtu. Saa kumi na moja alfajiri akina mama wapo njiani na ndoo. Watoto wanapita wakienda shule, wengine wanatafuta kuni, wachungaji wanavuka na mbuzi. Gari lililofunikwa matawi litaonekana kabla ya saa mbili, na atakayeliona atajua jambo moja: mwenye nalo hataki lionekane. Hapo hamjajificha kwa mwizi. Mmejificha kwa watu wema ambao wangeweza kumfukuza.

Tena fikirieni mahali penyewe. Ile barabara inakwenda mpaka wa Burundi. Wewe ni wa Kigoma, unajua maswali ambayo watu wa huku tunaulizwa barabarani kuhusu uraia na safari zetu. Watu sita wasiofahamika, wenye mabegi makubwa mgongoni, wanashuka kwenye gari gizani na kuingia milimani bila kumsalimia mtu: mwenyekiti wa kijiji asipowatuma mgambo hao, atakuwa hafanyi kazi yake. Mtaamshwa usiku wa manane, na mtajieleza vibaya kwa sababu mmeanza vibaya. Kila mmoja abebe kitambulisho chake cha NIDA, na kiwe mfukoni, kisizame chini ya begi.

Kuna na moto. Septemba nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga. Gari likitoka safari chini yake pana moto: ekzosi imepanda joto kiasi cha kuwasha jani kavu linaloigusa. Ukiliingiza kwenye nyasi zinazofika usawa wa bampa, unaweza kuliteketeza gari pamoja na shamba la mtu bila mwizi yeyote kuhusika. Na hata kama lako halitawasha, huo ndio msimu ambao watu wanachoma mashamba kungoja mvua, na moto kichaa ukitoroka hauchagui. Gari lisimame kwenye udongo mtupu uliofagiwa, na uchungulie chini kabla ya kuondoka. Kama kuna nyasi zimenasa kwenye ekzosi, subiri ipoe uzitoe.

Hilo la mmoja wenu kulala ndani ya gari peke yake mahali pasipo na watu silikubali. Vijana wakija kutafuta betri wakakuta mtu, wizi wa betri unaweza kugeuka kuwa kesi ya mtu aliyeumizwa. Betri inanunuliwa.

Sasa, wapi? Usiulize “niegeshe wapi”. Uliza “nani analala hapa”. Kinacholinda gari usiku ni mtu aliye macho na ambaye jina lake limo kwenye jambo hilo. Na wewe ni mwalimu, mwanangu, una mlango ambao wengi hawana: nenda shule ya msingi ya pale. Mwalimu mkuu ni mwenzako, nyumba za walimu mara nyingi zipo palepale uwanjani, na usiku kuna watu. Likishindikana hilo, kuna zahanati yenye mlinzi, kuna parokia au msikiti ambao jirani yake anaishi mtu, kuna ghala la kahawa la chama cha msingi ambalo msimu wa kahawa halikosi mlinzi. Na kuna ua wa balozi wa nyumba kumi au wa mwenyekiti wa kitongoji, ambao mimi naupenda kuliko yote, kwa sababu anayeiba uani kwa balozi amemwibia balozi, na kijiji kitamtafuta.

Mnasema ukiomba hifadhi umetangaza. Ni kweli, kijiji kitajua kwamba kuna gari. Kitajua pia liko mikononi mwa nani. Wale vijana wa mwaka jana gari lao halikuwa mikononi mwa mtu yeyote, ndiyo maana hata wa kumuuliza hawakumpata.

Msiende kuomba siku ileile. Jumamosi inayotangulia, wewe na mwenzako mmoja pandeni hiace za Manyovu, mshuke, mwende ofisi ya mtendaji wa kijiji. Salimieni, jielezeni, andikeni kwenye daftari la wageni mko wangapi, mnapanda upande gani, mnarudi lini. Ombeni muunganishwe na mwenye ua, na mkubaliane malipo mbele ya mtendaji ili asije mtu mwingine Jumapili na bei yake. Nusu mlipe mkiacha gari, nusu mkirudi. Elfu kumi kwa usiku mmoja hamtaijutia, na mtu aliyelipwa vizuri anaamka kuchungulia mbwa wakibweka. Chukueni namba yake ya simu, mpeni na yenu.

Mkifika na gari lenyewe, zungukeni pamoja na huyo mlinzi. Piga picha pande zote nne, taa, vioo, tairi ya spea, na kilomita zinazosomeka. Akuone ukipiga. Hakuna dharau hapo, unamlinda na yeye pia, asije akasingiziwa mkwaruzo uliokuwapo tangu mwaka juzi. Funguo ubaki nao, na ule wa akiba abebe mwenzako kwenye begi jingine, maana ufunguo mmoja ukidondoka korongoni wote sita mmekwama.

Ndani ya gari pasibaki kitu. Nasema kitu, hata chaja, hata koti kuukuu, kwa kuwa anayechungulia usiku hajui kama chini ya koti kuna kompyuta au hakuna. Droo ya mbele iacheni wazi ionekane tupu. Kadi ya gari ibaki nyumbani. Na kupanga mabegi mmalize mjini: msifike pale mkafungua buti na kumwaga vyombo, simu na pochi mbele ya kila anayepita, halafu mkafunga nusu ya vitu na kuondoka. Kama mjomba bado hajachora namba za gari kwenye vioo na taa, mfanyieni hiyo kama shukrani, fundi wa mjini anamaliza upesi na kioo chenye namba hakiuziki kirahisi. Mafuta yatoshe kuwarudisha mjini na akiba kidogo, tangi lisijae. Lielekezeni gari kwenye njia ya kutokea, liacheni kwenye gia, mweke jiwe kwenye tairi, upande wa chini wa mteremko. Ule ukanda ni mteremko mtupu.

Na mjomba aambiwe. Hili sikuachii nafasi ya kulijadili na wenzako, wao hawana mjomba huyo. Amekupa gari la kwendea Kalinzi, hajakupa la kulala nje usiku kucha, na hayo ni maombi mawili. Mwulize bima yake ni kubwa au ndogo. Kama ni ndogo, inalipa madhara ambayo gari lake litamfanyia mtu mwingine, haimlipi yeye betri wala vioo vilivyoibwa, na ni haki yake kujua kwamba hasara yote itamwangukia. Mwambie gari litalala uani kwa nani, mpe namba ya huyo mtu. Wajomba wengi hukataa kwa sababu wanaambiwa nusu ya habari.

Akikataa hata hivyo, mshukuruni, na safari haijafa. Tena niseme ukweli, ningekuwa nachanga na nyinyi ningechagua hivi tangu mwanzo: barabara ni ya lami, magari ya abiria yapo. Pandeni hiace mpaka kijijini, au kodini gari liwashushe Jumamosi na kuwafuata Jumapili. Gari lililolala kwa mwenyewe halihitaji mlinzi, na nyinyi mtalala usingizi.

Sasa maji, na hapa ndipo mnaponitia wasiwasi zaidi kuliko kwenye gari.

Mzee wenu amesema kweli. Huku mvua zetu zinaanza Novemba au kabla kidogo, zinakwenda mpaka Aprili. Milima inayanywa yale maji na kuyatoa taratibu chini, kwenye vichwa vya mabonde, si kwenye migongo. Mgongo wa mlima ni mkavu hata Machi. Kadiri kiangazi kinavyosonga, chemchemi za juu zinakatika moja baada ya nyingine na maji yanaanzia chini zaidi. Mliyoyaona mwezi Mei kwenye matembezi yenu ya mchana, Septemba hamtayakuta palepale. Kwa hiyo ramani ya kwenye simu inayoonyesha mstari wa bluu msiiamini, mstari haujui ni mwezi gani.

Anayejua ni mama anayechota. Siku ile ya kwenda ofisi ya mtendaji, pitieni kisimani au kwenye chemchemi wanakochota watu, na muulize vizuri. Ukiuliza “juu kuna maji?” utajibiwa “yapo”. Huo ni ukarimu wetu, hatupendi kumvunja mgeni moyo. Ukiuliza ni mbali kiasi gani utaambiwa “hapo tu”, na “hapo tu” ya mtu aliyezaliwa mlimani inaweza kuwa saa nzima ya miguu yako. Uliza hivi: leo asubuhi mmechota wapi? Kuna anayechota juu ya hapa? Nani alipita kule juu wiki hii? Dumu la lita 20 linachukua muda gani kujaa? Hilo la mwisho ndilo linalosema kila kitu. Likijaa kabla hamjamaliza kusalimiana, kuna maji. Ukiambiwa watu wanapanga foleni na dumu moja linakula nusu saa, basi maji yale ni ya kijiji na hayatoshi kuongezewa watu sita.

Na hata yakitosha, ingieni kwenye foleni. Jioni ndiyo saa ya kuchota, msipite mbele kwa sababu mna haraka ya kupanda. Msioge wala msisuuze sufuria pale. Chukueni chombo, sogeeni mbali.

Haya, hesabu. Mtu anayepanda kwenye jua lile anahitaji takribani nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Mkipanda kwa muda wa saa nne Jumamosi, hizo ni lita mbili. Usiku na asubuhi, kunywa na kupika chakula chepesi, lita mbili nyingine. Kushuka Jumapili kwa muda wa saa tatu, lita moja na nusu. Jumla lita tano na nusu kwa mtu, na lita moja ni kilo moja. Kwa watu sita mnakaribia lita 33. Ndiyo maana dumu kwa kila mtu halina maana, na ndiyo maana kubeba yote kutoka mjini hakuna maana pia: njooni na madumu ndani ya gari kama mnataka, lakini kinachopanda mgongoni ni hizo tano na nusu, kwenye chupa za lita moja na nusu zilizogawanywa kwenye mabegi yote. Msiweke maji yote kwenye dumu moja analobeba mwenye nguvu. Likidondoka likapasuka, mmebaki sita bila tone.

Muuguzi wenu anataka uhakika, na uhakika huo ni kupanda kutoka kijijini na maji yenu yote kama hamjathibitisha chemchemi ya juu kwa mtu aliyeiona wiki hiyo. Kama mmeithibitisha, pandeni na lita tatu hivi kila mmoja, mjaze huko. Kamwe msipande na chupa tupu mkitegemea kuzijaza mbele. Mwajirini kijana wa kijiji awaongoze na asaidie kubeba. Anajua chemchemi, anajua njia ya mkato ya kushukia mtu akiumia, na mtendaji atawaonyesha anayeaminika.

Mahali pa kulala pachagueni kwa maji, msipachague kwa mandhari. Najua mnataka ziwa. Jua la Septemba huku linazama karibu saa moja jioni, kwa hiyo wekeni mizigo kwenye bega la mlima, juu kidogo ya bonde lenye maji, kisha pandeni mikono mitupu mkalione ziwa na mrudi na tochi. Lakini msilale bondeni kando ya maji yenyewe: pana baridi, pana mbu, na wanyama hushuka kunywa usiku. Hatua 80 au zaidi kutoka kwenye maji ni umbali mzuri, na choo chenu vilevile, kwenye shimo lenye kina cha kiganja na kitu, kisha mfukie.

Nisisahau: upande wa magharibi wa migongo ile mnakuta Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambayo ni hifadhi tangu 1968. Gombe huingiwa kwa boti kutoka ziwani, kwa ada na kibali cha TANAPA. Haiingiwi kwa kuteremka kutoka juu na mahema. Kijana wenu awaonyeshe mpaka. Na kabla ya kuufikia mnaweza kupita kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji, ile ambayo watu wa huko wamekuwa wakiirudisha kwa jasho tangu mradi wa TACARE ulipoanza 1994. Hiyo ina sheria ndogo zake. Ulizeni ofisini kabla ya kukata hata kuni moja. Chemchemi mnazozitegemea zinaishi kwa sababu ya miti hiyo.

Nimfikie fundi simu. Mwambie simbishii kuhusu tumbo lake. Lakini maji kuwa maangavu hakusemi juu yake kuna nini. Mtu akisimama kwenye kijito chenye maji kama kioo, hatua 200 juu yake panaweza kuwa na mbuzi wamelala kandokando, au dimbwi ambalo watu wameloweka muhogo siku tatu, maji yake yana ukungu mweupe na harufu kali ya kuchacha, nayo yanashuka yakichanganyika humo humo. Mkoa huu tunakijua kipindupindu. Mei 2015 kiliua watu Kagunga, pale pwani ya ziwa karibu na mpaka, na si mara ya pekee kutupitia. Kuna homa ya matumbo, kuna amiba. Na kuna kichocho, ambacho hakihitaji hata unywe: vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kuingia kwenye ngozi. Kwa hiyo msikae na miguu kwenye madimbwi ili kuipoza, hata kama imewaka.

Halafu kuna kitu ambacho watu husahau. Ule ni ukanda wa kahawa, na mashamba hupuliziwa dawa. Kuchemsha hakuondoi sumu ya shamba, wala kidonge hakiiondoi. Dawa yake ni kuchota juu ya mashamba, au kuchota pale ambapo wenyeji wenyewe wanachota ya kunywa. Mahali wanapopakwepa, nanyi pakwepeni, bila kuuliza mara mbili.

Vidonge au kuchemsha? Vyote, kila kimoja na saa yake. Njiani na kwa maji mengi tumieni vidonge vya dawa ya maji kama WaterGuard, maduka ya dawa mjini wanavyo. Someni pakiti, maana kuna vidonge vya lita moja na vya lita 20, na ukivichanganya ama hujaua kitu ama unakunywa klorini tupu. Maji yakiwa na tope, yaacheni yatulie, yachujeni kwa kanga safi iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo mweke dawa, na msubiri nusu saa nzima. Kuna jambo dogo ambalo watu hulikosa: ukishatikisa chupa, legeza kifuniko na uigeuze kidogo, maji yenye dawa yapite kwenye mdomo wa chupa na zile ringi za kifuniko. Hapo ndipo mdomo wako unapogusa, na bila hivyo panabaki tone la maji ya kijito.

Jioni chemsheni ya chai na ya kunywa asubuhi. Yakitokota kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, dakika moja inatosha. Juu ya mita 2,000 mngehitaji dakika tatu, kwa mfano mkienda siku moja Nkungwe kule Mahale penye mita 2,462, lakini milima ya Kalinzi haifiki huko. Kuchemsha kunaua hata vile vijidudu vichache ambavyo klorini haiviwezi. Ila moto wa kuni kwenye nyasi za Septemba sitaki kuusikia. Bebeni jiko dogo la gesi, au jiko la mchina, mliweke kwenye udongo mliousafisha upana wa mkeka, na lita mbili za maji ziwe pembeni mpaka lipoe.

Chakula kipunguze kiu, kisiilete. Ugali unataka maji ya kupikia na mengine ya kuoshea sufuria. Dagaa wa chumvi ni watamu sana mlimani na saa sita usiku wote mtakuwa mmeamka mnatafuta chupa. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu vilivyopikwa nyumbani, karanga zisizo na chumvi. Muuguzi abebe pakiti za chumvichumvi za ORS. Mwenzenu akianza kuumwa kichwa, mkojo ukawa wa rangi ya chai, akawa anajibu kwa mkato, hapo safari inasimama: kivuli, maji kidogo kidogo, na kushuka.

Tarehe yenu ya Septemba inategemea jibu la lile swali la dumu. Mkiambiwa linajaa upesi, nendeni kama mlivyopanga. Mkiambiwa linakula nusu saa, badilisheni: laleni kijijini uani kwa mwenyeji wenu, pandeni Jumapili saa kumi na moja alfajiri na maji ya nusu siku, mshuke mchana. Safari ya kulala juu isogezeni mpaka likizo ya Juni mwakani, mvua zikiwa zimekatika na chemchemi bado zimejaa.

Vyovyote iwavyo, mwacheni mtu mjini na karatasi yenye njia yenu, namba ya mwenye ua na namba ya mtendaji. Semeni mtakuwa kwenye gari saa nane mchana Jumapili, na ikifika saa kumi na mbili jioni hajasikia kitu aanze kupiga simu, kwanza kwa mwenye ua, kisha kwa mtendaji, kisha polisi 112. Juu kule simu inaweza kudaka mtandao wa Burundi na kumaliza salio, zimeni huduma ya kutumia mitandao ya nje kabla ya kupanda. Mkirudi, zungukeni gari tena na mlinzi kabla hamjampa nusu yake iliyobaki. Kitu kikipungua, msigombane pale uani. Mwiteni mtendaji, nendeni polisi mchukue RB, ile namba ya taarifa, siku hiyohiyo, na zile picha mnazo.

Kwa mjomba piga leo jioni, kabla wenzako hawajachanga zaidi.